Barua ya Wazi kwa Wajukuu Wangu Walioniomba Niwapimie Shamba la Mikorosho

Wajukuu wangu,

Jumapili iliyopita mlinipakia kwenye Noah, mkaniweka kiti cha mbele kwa heshima, mkanipeleka kuona eneo ambalo kikoba chenu cha watu 24 kinakusudia kulinunua wilayani Mkuranga. Tuliondoka Ilala saa moja asubuhi, tukafika saa tatu na nusu, na hiyo ilikuwa siku ambayo waajiriwa wengi wa jiji hili wamelala. Dalali aliyetupokea alisema eneo liko dakika kumi kutoka lami. Mimi nilikuwa nimetazama saa yangu tulipoiacha lami, na ilikuwa imepita nusu saa na ushei. Sikusema neno, kwa kuwa mgeni hatafuti ugomvi kwenye shamba la watu.

Mlichonionyesha kilikuwa shamba la mikorosho iliyokatwa wiki hiyohiyo, visiki bado vinatoa utomvu, na katikati ya visiki safu za bikoni, yaani vigingi vya saruji vya kuonyesha mipaka ya viwanja, zilizopakwa chokaa ili zionekane kwenye picha za simu. Niliinama nikaitikisa moja kwa vidole viwili, ikang'oka. Chini yake hapakuwa na nondo wala zege la maana. Ilikuwa kipande cha saruji kilichofyatuliwa kwenye kopo la rangi. Mmoja wenu akacheka, akasema, "Babu, utatuwekea nyingine." Kicheko kile ndicho kilichoninyima usingizi, kwa maana nilitambua kwamba mnadhani tatizo la mahali pale ni bikoni.

Naandika barua hii wazi, badala ya kuwaita barazani, kwa sababu vikundi vya namna yenu sasa viko kila ofisi, kila msikiti na kila kanisa katika Dar es Salaam, na kila kimoja kina babu mstaafu wa ardhi kinayemtaka abariki jambo lililokwisha kuamuliwa. Sina kinyongo na hamu yenu ya kuwa na kwenu. Nawajua mmoja mmoja. Najua nani amefukuzwa na mwenye nyumba akiwa na mtoto wa miezi miwili, na nani anatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huku mshahara wake ukija kwa mwezi. Mtu wa namna hiyo akisikia neno "chako", miguu yake humpeleka popote. Lakini mimi nimeishi kwa kupima ardhi ya jiji hili, na nikikaa kimya nitakuwa nimekula biriani yenu bure.

Nianze na lile linaloniuma zaidi. Wengi wenu mnaikumbuka nyumba ya marehemu kaka yangu hapa Ilala: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani, na uani kuna mwarobaini ambao chini yake nusu yenu mlinyolewa. Baada ya arobaini yake warithi sita walikaa, na badala ya kujiuliza watajenga nini juu ya ardhi ile, walijiuliza itauzwa kiasi gani. Niliwaambia wasiuze. Wakanijibu kwamba nyumba ya urithi ni nyumba ya kesi, kwamba kila mtu achukue chake aondoke. Ikauzwa. Kila mmoja akanunua kiwanja chake cha mita ishirini kwa ishirini: mmoja Chanika, mmoja Goba, mmoja Kibaha, mmoja Bunju, mmoja Kigamboni, mmoja Vikindu. Mfanyabiashara aliyenunua akavunja, akapandisha ghorofa nne, kila ghorofa familia mbili, na chini akaacha nafasi ya maduka. Leo binti mmoja wa marehemu amepanga ghorofa ya tatu kwenye jengo hilo, kwa kuwa biashara yake iko Kariakoo na safari ya kutoka Chanika kila alfajiri ilimshinda. Analipa kodi kulala juu ya uwanja wa baba yake. Pagala lake la Chanika limefika kwenye lenta na limeota nyasi ndani.

Sasa nisikilizeni hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi iliyonilisha. Ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Ninyi 24 mnahitaji mita za mraba 9,600 za viwanja vitupu kabla hamjakata njia. Vipangeni viwanja hivyo pande mbili za barabara moja, kila kimoja kikitazama barabara kwa mita 20, na mtakuwa mnahitaji mita 240 za barabara, mita 240 za bomba, mita 240 za mtaro na nguzo za umeme za kutosha urefu huohuo; na hapo sijahesabu kilomita zote za kuyafikia hayo kutoka mahali yalipoishia sasa. Jengo la aina ile ya yule mfanyabiashara, ghorofa nne na familia mbili kila ghorofa, linakaa kwenye kiwanja kilekile cha mita 400. Majengo matatu hapa mjini yanawatosha wote 24. Mbele yao ni mita 60 tu za barabara, ambayo tayari ipo, ina taa, na chini yake bomba limepita tangu kabla hamjazaliwa. Gharama ya zile mita nyingine mnadhani atalipa nani? Mtalipa wenyewe, kwa maji ya boza, kwa nauli ya bodaboda usiku, na kwa watoto kuamshwa saa kumi alfajiri wawahi basi la shule.

Mmoja wenu aliniambia mle garini kwamba ghorofa ni mambo ya Wazungu na matajiri, Mswahili anataka uwanja wake na mchicha wake. Mwanangu, hukufika Mji Mkongwe wa Unguja? Hukusikia habari za Lamu? Mababu zetu wa pwani walijenga nyumba za mawe zilizosimama bega kwa bega, za orofa mbili na tatu, vichochoro vyembamba vyenye kivuli mchana kutwa, baraza mbele ya mlango, msikiti na soko kwa miguu. Hawakusoma mahali popote kuhusu mji uliobanana. Walijua tu kwamba jua ni kali na maji hayachotwi mbali. Hata nyumba yetu ya Kiswahili ilibeba familia sita kwenye kiwanja ambacho leo mtu mmoja anazungushia ukuta na kufuga mbwa. Uwanja mpana uliozungukwa na ukuta ndio ugeni kwetu, tena ni urithi wa mitaa ya wakubwa wa kikoloni kule Oysterbay.

Najua pia mnaogopa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, watu wakafa, na baadhi yenu mlisimama pale mkisubiri majina. Hofu hiyo siibezi. Lakini dawa yake ni udongo kupimwa, michoro kuchorwa na mhandisi aliyesajiliwa, na mkaguzi kupanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, badala ya watu milioni tano kutawanywa mpaka Mkuranga.

Nami nina langu la kukiri. Mradi wa serikali wa Viwanja 20,000, wa kupima viwanja vipya vya jiji hili, ulipoanza mwaka 2002, nilikuwa miongoni mwa waliopanda bikoni, na bikoni zetu hazikung'oka kwa vidole viwili. Tulipima kwa fahari kule Kibada, Buyuni, Mbweni na kwingineko. Tuliamini tunalitangulia jiji kabla watu hawajajenga ovyo, na kwa sehemu tulikuwa sahihi. Lakini niliporudi baadaye nilikuta viwanja vingi vimebaki nyasi miaka na miaka, mwenyewe akisubiri bei ipande, huku aliyekosa kiwanja akisonga mbele zaidi, akanunue kwa mkulima, kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Tulipima upana tukasahau kimo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka katika miaka kumi hawakulala hewani. Walilala kwenye mikorosho na minazi ya watu, kwenye mabonde, na kwenye kingo za msitu wa Pugu.

Na hapa siwezi kuwalaumu ninyi peke yenu. Nani amewapa njia nyingine? Mwenye nyumba anataka miezi sita, benki inataka dhamana ya nyumba ambayo ndiyo unayoikopea, na mipango ya jiji tangu ile ya mwaka 1949, 1968 na 1979 imekuwa ikifika mezani wakati watu wamekwisha kuezeka. Kisha tunakuja na urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, tunamwomba mtu abomoe choo chake ili gari la zimamoto lipite. Waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 waliondolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, na kuwaondoa kwenye maji kulikuwa haki. Lakini mama aliyekuwa akiuza vitumbua Jangwani, nani alikaa naye akapiga hesabu ya nauli? Tunapenda kuwahamisha maskini mbali, halafu tunashangaa barabara zimejaa.

Hata hivyo mifano ya kufuata imo humuhumu. Magomeni Kota, zile nyumba chakavu za chini zilivunjwa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kurudishia kaya 644 palepale zilipokuwa zikiishi. Walisubiri muda mrefu kupita kiasi, lakini walirudi Magomeni, na watoto wao wanakwenda sokoni kwa miguu.

Mengine nitayataja tu. Msinunue bondeni, hata kiangazi. Msinunue penye njia ya mita tatu mkiambiwa itapanuliwa. Kagueni ofisi ya ardhi ya wilaya kabla ya kumkagua dalali. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara mpaka Kivukoni. Chumba kimoja unachokifikia kwa miguu kutoka kituoni kina thamani kuliko vitatu vya kuendewa kwa pikipiki mbili. Na karatasi ya serikali ya mtaa si hati.

Ninachowaombeni kufikiria ni hiki. Miongoni mwenu 24 wamo wanne ambao familia zao bado zina nyumba za urithi Ilala, Magomeni na Temeke, zenye warithi waliochoka na mabati yaliyotoboka. Wamo mafundi wawili, mhasibu na mwanasheria. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo, inayomwezesha kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake huku ngazi, paa na uwanja vikiwa vya wote. Wale warithi hawahitaji kuuza wakatawanyika. Wanaweza kutoa ardhi, ninyi mkatoa fedha za kikoba, nao wakabaki na sehemu zao za kudumu mle ndani. Ni kazi ngumu, itachukua vikao vingi, na shangazi mmoja atasusa. Nimeona shangazi wakisusa na jengo likasimama.

Fomu mliyoniachia niweke sahihi kama shahidi wa mauziano nimempa mjukuu wangu mdogo airudishe, haina sahihi. Ndani ya bahasha hiyohiyo nimeweka mchoro nilioukadiria kwa penseli wa nyumba nyingine ya vyumba sita, mnayoijua, yenye mgogoro mnaoujua, na vipimo vyake nimevichukua mwenyewe jana jioni kwa futi yangu ya zamani. Ukuta wa upande wa mashariki umeingia kwa jirani kiasi cha sentimita arobaini; hilo tutalizungumza na jirani kwanza, kabla ya jambo lolote.

Babu yenu,
Mpima ardhi mstaafu, Ilala