Mawese ya wafungwa tunayala, mashairi yao mbona hatuyasomi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako nizungumzie jambo ambalo sisi watu wa Kigoma tumelifumbia macho: maandishi ya ndugu zetu walioko magerezani. Tunalo gereza la Bangwe hapa mjini, na tunalo la Kwitanga lenye mashamba ya michikichi. Mawese yanayotokana na jasho la wafungwa yanatoka, yanauzwa, yanafika jikoni. Samani wanazozitengeneza huwekwa kwenye maonyesho ya Sabasaba na Nanenane, tukazisifu na kuzinunua. Lakini wanachokitunga kwa akili zao hakivuki geti.

Tunachosikia kutoka ndani ni risala na ngonjera za siku ya mgeni rasmi. Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na ngonjera za aina hiyo nimewatungia wanafunzi wengi, kwa hiyo nazijua. Zinashukuru, zinaomba magodoro na dawa, zinaahidi mabadiliko. Sizidharau. Ila mtu hawezi kusema yaliyo moyoni huku mkuu wake amekaa kiti cha mbele.

Tangu nistaafu nafuatana na wenzangu wa msikitini wanaokwenda kuwatembelea wafungwa. Siku moja kijana mmoja, aliposikia mimi ni mwalimu wa Kiswahili, alinitolea shairi lake. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Alipokuwa akinisomea aligonga kidole pajani kuhesabu mizani. Linamhusu mama yake anayeanika dagaa Kibirizi. Wingu linatanda ziwani, dagaa wametandazwa, na mama hana wa kumsaidia kuanua. Kila ubeti unamtaja mtu ambaye angefaa kuja, na sababu iliyomzuia: mmoja yuko safarini Uvinza, mwingine ameolewa Kasulu, baba ni marehemu. Ubeti wa mwisho ni zamu ya mtunzi mwenyewe, na hapo hakuna sababu iliyotajwa, kuna kibwagizo tu.

Mashairi niliyosahihisha maishani ni mengi. Yaliyonishika namna ile ni ya kuhesabu. Nilipoomba ruhusa ya kulinakili nimpelekee mama yake, niliambiwa utaratibu hauruhusu. Nikamrudishia kijana karatasi yake, na hadi ninapoandika barua hii, kwa kadiri nijuavyo, mama huyo hajui kwamba ametungiwa shairi.

Sisi wenye Kiswahili hatuwezi kusema jambo hili ni geni kwetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa kifungo mwaka 1969 nchini Kenya kwa kosa la uchochezi, baada ya kuandika waraka wa kuikosoa serikali. Akiwa kifungoni alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alipotoka alikuja kwetu, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Karatasi zile zingeishia mikononi mwa askari, ushairi wetu wote ungepungukiwa.

Atasema mtu: huyo alifungwa kwa siasa, hawa wetu ni wezi na wauaji. Ni kweli makosa hayalingani. Lakini Uingereza kuna asasi ya Koestler Arts, iliyoanzishwa mwaka 1962 na mwandishi Arthur Koestler, ambaye mwenyewe alionja jela ya Hispania mwaka 1937. Inawapa tuzo wafungwa wanaoandika na wanaochora, na kazi zao huonyeshwa London kila mwaka. Marekani, chama cha waandishi cha PEN kimekuwa na mpango wa waandishi wafungwa tangu mwaka 1971. Huko kote wanaoshiriki ni watu wa makosa ya kila namna.

Linalonikosesha raha mimi ni aliyedhulumiwa. Familia iliyozika mtu wao isifungue gazeti ikakutana na jina la muuaji juu ya shairi zuri. Hilo halina njia ya mkato. Ndiyo maana nashauri kazi zitoke kwa lakabu, kama washairi wa magazetini walivyozoea tangu zamani, na mtunzi asisimulie kosa lake wala kumtaja aliyemkosea. Mahabusu nao waangaliwe kwa namna ya peke yao: mwenye kesi inayoendelea akichapishiwa shairi la majuto, kesho linaweza kusomwa mahakamani kama ungamo. Tuanze na wale ambao rufaa zao zimekwisha.

Ila nakusihi, Mhariri, usije ukachagua mashairi ya toba peke yake. Toba ikiwa ndiyo tiketi ya kuchapishwa, wote watatubu, na sisi tutakuwa tumerudi kwenye ngonjera za mgeni rasmi. Chapisha la mapenzi, la njaa, la mpira, la mtu anayelalamika. Wala Kiha cha mtu, lugha yetu ya hapa Kigoma, kisisafishwe kwenye shairi lake.

Magazeti ya Kiswahili yamechapa mashairi ya wasomaji tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Naomba kona moja kwa mwezi. Kwa Jeshi la Magereza, naomba shairi lipewe njia ileile ya barua, ambazo maofisa huzisoma kabla hazijatoka. Anayeweza kupitisha barua anaweza kupitisha beti saba. Hakimiliki ibaki kwa mtunzi, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyetunga, na malipo yakiwapo yaende anakotaka yeye, kwa mama au kwa watoto. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutoa zawadi mwaka 2023, iandae namna ya kupokea kazi zilizoandikwa kwa mkono, kwa sababu huko ndani hakuna kompyuta ya kuchapia.

Mimi na walimu wenzangu wastaafu hapa Ujiji tuko tayari kupokea kazi hizo, kuzichapa na kuzileta ofisini kwako bila malipo. Madaftari na kalamu za kuanzia tutanunua sisi. Tunachosubiri ni kibali, na jibu lako.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma