Salamu za Pasaka kutoka Goma

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu na dada zangu, ninyi mlioko hapa mjini na ninyi mliotawanyika Bukavu, Kampala, Nairobi na ng'ambo.

Jana, Ijumaa Kuu, tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ilikuwa wazi, tupu, altare imevuliwa nguo zake. Watu walivua viatu wakapanga mstari kuubusu msalaba, na sakristani, mtunza vyombo vya ibada, akawa anaupangusa kwa kitambaa cheupe kila mtu akiondoka. Mama mmoja alikawia miguuni pa Yesu. Hakuna aliyemharakisha, karibu sote tunajua alimzika nani.

Mji huu umezika wengi. Kwa hiyo naomba, tusiutumie msalaba kumwambia mfiwa kwamba Mungu ndiye aliyetaka damu ya mtoto wake. Waliouawa kwetu walinyang'anywa uhai. Lakini Yesu alisema hakuna amwondoleaye uhai wake, anautoa mwenyewe (Yohane 10:18). Baba hakuwa na kiu ya damu. Waliosulubisha ni wanadamu, kwa usaliti wa rafiki na woga wa Pilato. Kilichotuokoa ni upendo ambao hata misumari haikuugeuza kuwa kisasi: aliwaombea msamaha palepale msalabani. Na alitufia tungali wenye dhambi, si baada ya kutengenea. Baraba, mfungwa ambaye umati ulimchagua badala ya Yesu, alifunguliwa akaenda zake, asiye na hatia akabeba msalaba. Mimi kila mwaka somo likifika kwa Baraba, najua ni mimi ninayesomwa.

Sadaka hiyo imezaa matunda hapahapa. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekagua bidhaa mpakani, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Wakamuua Julai 2007, ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Hakutafuta kufa, alikataa tu kuwalisha watu sumu, na aliyemfundisha kupenda hivyo tunamjua.

Usiku wa leo, kwenye Gloria, wimbo wa utukufu wa mkesha, kengele zitalia tena. Kesho mkishapika sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), pelekeni sahani kwa jirani aliyefiwa, mkae naye, mumwache aseme au anyamaze apendavyo.

Heri ya Pasaka kwenu nyote, na zaidi kwenu mnaoipokea mkiwa bado na matanga.