Vitabu vya zamani vya maziko visiachwe vioze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nivisemee vitabu vya maziko, yaani madaftari ya waliozikwa, vya makanisa yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Vingi vimo makabatini, mchwa wanavisogelea.

London, mwaka 1662, mfanyabiashara wa nguo John Graunt alichapisha uchambuzi wa orodha za vifo zilizotolewa kila wiki kutoka parokia za mji ule. Tauni ya 1665 ilipopiga, orodha hizo zilihesabu vifo vya tauni zaidi ya 68,000. Matajiri walikimbilia mashambani. Waliobanana vitongoji vya nje ya kuta ndio waliozikwa kwa wingi. Tunayajua hayo kwa sababu yaliandikwa.

Sisi je? Mafua makali ya 1918 yalitukuta tumechoshwa na vita, njaa na upagazi wa kulazimishwa. Baadaye vijana wetu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa na kukata mkonge pwani. Kisha UKIMWI ukaikumba Makete. Kila mara nauliza: walikufa akina nani, wa umri gani, kutoka vijiji gani? Mtu akiandika tu tarehe, umri, kijiji na kazi ya marehemu, tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho huonekana wazi.

Nayaomba makanisa na vyuo vya Iringa na Mbeya wapige picha kurasa hizo, wakificha majina ya vifo vya karibuni. Na wenyeviti wa vijiji wahimize familia kusajili vifo vinavyotokea nyumbani.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya