Barua ya wazi kwa wanangu wa chumba cha vidonda, Tanga

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia nikiwa na hasira, na nasema mapema msije mkanishangaa katikati ya barua. Hasira yenyewe ni ya ndoo ya taka, ile ikaayo chini ya meza ya kufungia vidonda. Nyama imekatwa unyayoni mwa mtu, imetupwa humo, mwenyewe amefungwa bendeji na kuambiwa, "Ni sugu tu, mzee, rudi Jumatatu." Nyama imekwenda kuchomwa bila kupimwa, na jibu la ni maradhi gani limekwenda nayo.

Kuna saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya mwili. Mmesikia ni maradhi ya Wazungu na jua lao, na kwa Wazungu ni kweli jua lina sehemu kubwa. Kwetu sisi weusi hupenda kukaa pasipofikiwa na jua: unyayoni, kisiginoni, kiganjani, chini ya kucha. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawaumiza kweli, saratani zao mara nyingi ni za aina nyingine. Kofia na mafuta ya kukinga jua ni haki yao, wapewe. Lakini kofia haimsaidii mvuvi wa Sahare mwenye doa kisiginoni.

Vijana wengi mnavaa fulana za Bob Marley. Melanoma yake ilikuwa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, akakataa kukatwa kidole, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Sasa nani anapona na nani haponi? Mengi yanahusika, ila kubwa ni kina. Mwaka 1970 daktari Alexander Breslow wa Marekani alionyesha kuwa ukiupima uvimbe kwa hadubini, kuanzia tabaka la juu la ngozi mpaka seli iliyozama chini kabisa, ile namba ya milimita inakwambia mengi kuliko upana wa doa. Mpaka leo ndicho kipimo cha kwanza. Chukueni kadi ya benki mwitazame ubavuni: unene wake haufiki milimita moja. Melanoma isiyozidi hapo, na haijagusa tezi za limfu, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi wako hai baada ya miaka kumi. Pangeni kadi tano, mmekaribia milimita nne, na ikivuka hapo ni habari nyingine kabisa. Kati ya kadi moja na kadi tano ndipo zinapoingia hizo Jumatatu zenu.

Na linaloniudhi zaidi ni GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Kidonda kinakuja na rangi yake, nyeusi pembeni, kahawia huku, pinki katikati, nanyi mnakipaka zambarau chote. Ukishapaka utaona nini? Kioshe kwanza kwa maji safi, ukitazame, ukipige picha karibu na rula, ndipo ufunge. Tena msingoje weusi peke yake. Melanoma nyingine haina rangi; hutoka kinyama chekundu kinachovuja damu ukikigusa, kikafanana na nyama mpya ya kidonda kinachopona. Kila kidonda cha unyayo mnakiita cha kisukari, hata sukari haijapimwa! Kidonda kilichofungwa miezi miwili bila kupungua, au kinachokua huku kinafungwa, kikatwe kipande kipimwe.

Doa la unyayoni litazameni hivi. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi au kumi na tano, usugue sugu kwa upole, ukaushe, umulike tochi kwa ubavuni. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji kama shamba lililolimwa. Doa la amani kwa kawaida rangi yake hulala kwenye mifereji. Rangi inayopanda juu ya matuta ni ya kutilia shaka. Mwenye dermatoskopu, kile kioo chenye taa cha kukuzia ngozi, ataona vizuri zaidi. Pitieni na katikati ya vidole.

Kwenye kucha msitishe watu ovyo. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Wa kuogopwa ni mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, unaofika milimita tatu au unaozidi kupanuka, hasa weusi ukimwagikia kwenye ngozi ya shina la ukucha. Damu iliyovilia husogea mbele ukucha unapokua, ikaacha peupe nyuma yake. Rangi ya saratani haiachi shina.

Na nyinyi mabinti wa hina na piko, mko humu pia, msijifiche. Hakuna anayezitazama nyayo za kina mama wa Tanga kwa karibu kama nyinyi. Hina si kosa, lakini inafunika. Kabla ya kupaka, tupeni jicho. Ukiona doa jeusi lenye kingo zilizokatika-katika, mwambie dada yako taratibu, usimtangazie mbele ya wageni wa harusi.

Turudi kwenye ndoo. Doa dogo hukatwa lote, pamoja na milimita moja mpaka tatu za ngozi nzima kuzunguka, na kisu kifike kwenye mafuta. Kubwa hutolewa kipande pale palipoinuka au palipokoza rangi. Msilikwangue juu-juu kwa wembe, wala msilichome: mkikata kina katikati, hiyo milimita haipimiki tena. Nyama itiwe kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake, kwenye chupa yenye mdomo mpana, maana ikishakakamaa haitoki kwenye mdomo mwembamba. Spiriti hapana. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Fomu iseme ni mguu upi, sehemu gani, tangu lini.

Kisha shikeni tezi: nyuma ya goti na kinenani kwa mguu, kiwiko na kwapani kwa mkono. Mtoki wa kidonda kilichooza huuma; wa saratani mara nyingi hauumi, ni mgumu. Watu hupeleka ukachuliwe, nanyi mnanyamaza. Tezi zikishaingiwa, matumaini hushuka kwa hatua kubwa.

Mengine yanayoonyesha mgonjwa ataishi muda gani nayataja tu: uvimbe kuchanika juu, kasi ya seli kugawanyika, idadi ya tezi zilizoguswa, umri (wazee hufanya vibaya zaidi), jinsia (wanawake hufanya vizuri kidogo), na LDH, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, saratani ikishasambaa. Hata kina kikilingana, ya unyayoni ni kaidi kuliko nyingine.

Jibu likisema ndiyo, mgonjwa apelekwe hospitali ya mkoa ya Bombo, na kutoka hapo hospitali ya KCMC Moshi au ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na jibu mkononi. Upasuaji huongeza sentimita moja ya ngozi nzima kwa uvimbe mwembamba, mbili kwa uliozidi milimita mbili. Kidole mara nyingine hukatwa. Dawa za kisasa za kuamsha kinga ya mwili, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2011, zimebadili mambo kwa wenye nazo. Bei yake mtu wa mkonge haigusi, na wakubwa wanaopanga bajeti wanalijua hilo. Formalini lakini si ya bei hiyo. Kituo kinachokosa formalini na kina rangi mpya ukutani, mwenye kamati ajibu.

Mzee wenu, Ngamiani

N.B. Formalini ya dukani ni kali: sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Changanyeni dirisha likiwa wazi.