Shukrani kwa mama tuliyekaa siti moja, basi la Dar kwenda Mbeya

Mama, jina lako sikuuliza, na ulishuka Makambako kabla sijakushukuru ipasavyo. Naandika hapa, huenda mwanao akakusomea.

Pale Ruaha Mbuyuni abiria walikimbilia chipsi na soda. Wewe uliniona natafuna kuku polepole bila kinywaji, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ili upungue uzito?" Kumbe nawe umepitia! Mlima Kitonga wote nikakulalamikia mizani: wiki za mwanzo kilo zilidondoka, kisha zikagoma, na huku kwetu Mwanjelwa, Mbeya, watu wananiuliza kama hela yangu haijaliwa bure. (Watu wetu wana midomo.)

Hukuishia kunipa pole. Ulinieleza kwamba sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji, kwamba mwili kugoma katikati ni kawaida, na kupungua kunaweza kuendelea hadi mwaka na nusu. Protini kwanza, angalau gramu 60 kwa siku: mayai, samaki, maharage; viazi na ndizi ndivyo vingoje. Maji nusu saa baada ya kula. Vitamini nisiache, hasa B12. Halafu kiuno nikipime kwa futi ya fundi cherehani, mizani niipande mara moja tu kwa wiki.

Kilo bado zinashuka kwa kusuasua. Lakini gauni langu la kitenge fundi amelibana pembeni, tena bila mimi kumwomba!

Ukisoma hii, mama, nitafute. Nimekuwekea mchele wa Kyela, hata kama sisi wawili tutaishia vijiko vichache.