Msituondolee laivu Ngome Kongwe

Mhariri,

Naomba nafasi ukurasani kwako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la kila Februari hapa Ngome Kongwe, Unguja, walegeze sharti lao la kupiga laivu, eti vijana wetu wa muziki wa kizazi kipya wanabaguliwa. Mimi ni mpiga vidumbak, vingoma vidogo vya udongo, wa Mwembeladu. Mikono imeanza kukakamaa lakini mdomo bado mzima.

Yusuf Mahmoud na wenzake walipoanzisha Busara Promotions, waandaaji wa tamasha hilo, mwaka 2003, na tamasha lenyewe kupigwa mara ya kwanza Februari 2004, walikuja na neno moja lililotushangaza: anayepanda jukwaani apige na aimbe mwenyewe. Hakuna CD, hakuna kuchezesha midomo huku sauti inatoka kwenye spika. Na aje na chake, asije kuiga cha Marekani. Wakati ule wenye harusi mjini walikuwa wameshatupa mgongo, kinanda kimoja na mwimbaji vikiwatosha. Tukasema mtu huyu hatodumu.

Muziki wa kidumbak, kwa wasioujua, ni wa watu wachache tu: fidla, vidumbak viwili vya udongo, sanduku la chai lenye fimbo na kamba, cherewa (manyanga ya kutikisa) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Kazi iko kwenye ile ngozi iliyowambwa. Usiku unyevu wa bahari ukiingia inalegea, ukiipiga inalia kama mto wa kulalia. Dawa yake moto. Unawasha karatasi, unaipitisha ngozi juu juu, unaigonga kwa kidole, unasikiliza, unarudia tena mpaka iseme "ti". Karatasi bora ni gazeti, linashika upesi. Kwa hiyo Mhariri, sisi ni wateja wako hata siku ambazo hatusomi.

Miaka kadhaa nyuma tuliitwa hoteli moja ya kaskazini kuwatumbuiza wageni. Tulipofika, meneja akasema moto marufuku. Tukamwambia basi ngozi hazitolia. Akasema si neno, fundi wa sauti ana nyimbo kwenye flashi, nyinyi kaeni na vyombo vyenu mguseguse. Nikakaa saa nzima napapasa kidumbak kilicholala, fidla ya mtu nisiyemjua inalia mgongoni kwangu, wageni wanapiga picha. Mara flashi ikakwama. Neno moja likawa linajirudia, na mimi mkono uko juu, sijui niushushe au niuache. Bibi mmoja wa Kizungu akacheka, kisha akaona haya akatazama pembeni. Fedha tulilipwa, tena zote. Lakini njia nzima ya kurudi mjini hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Ndiyo maana nikisikia "walegeze tu" mwili unanisisimka.

Msomaji huyo anasema zama zimebadilika. Sawa. Lakini labda yeye hakuwepo Unguja ule mwisho wa 2009, umeme ulipokatika Disemba na kisiwa kikakaa gizani karibu miezi mitatu. Asiye na jenereta hakuwa na muziki. Harusi hazikusimama, na waliotusahau wakaanza kutugongea milango, maana sanduku la chai halina waya. Tulipiga kwa taa za chemli, wanawake wanacheza mpaka mikeka inachanika. Na Februari 2010, katika giza hilo hilo, Ngome Kongwe nako tamasha likapigwa.

Kupiga laivu kuna gharama, hilo silikatai. Bendi ya watu kumi ina nauli kumi na vitanda kumi, mwenye flashi anakuja peke yake na begi. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Wangeweza kurudi mwaka uliofuata na mambo rahisi rahisi. Walirudi na bendi.

Hapo msomaji ana haki, tena kubwa, anaposema kijana wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, hana pa kuanzia. Mjukuu wangu anatunga nyimbo chumbani kwa kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Zinanoga, mpaka mimi huwa naziimba peke yangu. Lakini mpiga gita atamtoa wapi, na atamlipa nini? Ukimwambia "njoo laivu" ni kama kumwambia njoo na ndege yako.

Basi ushauri wangu kwa mkurugenzi wa tamasha ni huu. Sharti libaki. Ila kuanzia Novemba wachukuliwe vijana watatu wanne wa kompyuta, wakutanishwe na wapigaji wa hapa hapa, wa vikundi vya taarabu vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, wa beni za matarumbeta, wazifumue nyimbo zao na kuzishona upya kwa vyombo. Wapewe chai na nauli ya daladala tu. Februari atakayeiva apande, asiyeiva asubiri mwakani. Na Pemba wasisahaulike, maana kila kitu kizuri huishia bandarini Malindi, hapa Unguja, kikisubiri boti.

Mimi sitaki malipo. Vidumbak viwili bado ninavyo uvunguni, na mjukuu nimeshamwambia aje Jumamosi baada ya alasiri. Nimemwambia aje na magazeti ya zamani.

Mpiga vidumbak,
Mwembeladu, Unguja