Kisanduku cha kutafutia maktabani hakijui wingi wa Kiswahili

Mhariri,

Maktaba nyingi za vyuo vikuu sasa zina kisanduku kimoja cha kutafutia kinachopekua vitabu, majarida na tasnifu kwa pamoja. Ni hatua njema. Hata hivyo, tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili zinapotelea humo humo, na marekebisho yake yanahitaji zaidi muda wa mkutubi kuliko fedha.

VuFind (ya kutafutia katika katalogi) na DSpace (ya kuhifadhi tasnifu kidijitali), programu huria zinazotumiwa na vyuo vingi, zote zinategemea injini ya utafutaji iitwayo Solr. Injini hiyo haifungui rekodi moja moja mtu anapouliza. Inatazama faharasa, yaani orodha ya maneno ya rekodi zote, iliyokwisha kuandaliwa. Katika maandalizi hayo, mpangilio wa kawaida hukata miisho ya maneno kwa kanuni za Kiingereza ili umoja na wingi vikutane. Kiswahili kinabadilikia mwanzoni. Anayeandika "mkulima" haletewi tasnifu ambayo kichwa chake kinasema "wakulima", na anayetafuta "kivuko" haoni "vivuko". Kinyota wanachofundishwa wanafunzi wapya nacho hakifui dafu, maana "mkulima*" hutafuta nyongeza nyuma ya neno ilhali tofauti iko mbele.

Asije fundi wa kompyuta akasema basi tukate na mbele. Ukiiamuru mashine iondoe "wa" na "vi" kila inapoyakuta, "wakati" itageuka "kati" na "vita" itabaki "ta". Njia salama ni faili la visawe, synonyms.txt, ambalo tayari limo ndani ya mfumo na mara nyingi halijaguswa tangu siku ya usakinishaji. Kila mstari unabeba maneno yatakayohesabiwa kuwa kitu kimoja, yakitenganishwa kwa mkato: mkulima, wakulima. Nomino mia chache zinatosha kuanzia, na za kutangulia ziko kwenye kumbukumbu za utafutaji, yaani maneno ambayo wasomaji waliyaandika wakapata sifuri. Usiunganishe "mkulima" na "kilimo". Msomaji atafurikiwa na asichokitaka. Vitenzi viachwe kwanza, kwa kuwa maumbo yake hayana mwisho na vichwa vya tasnifu vimejaa nomino. Visawe vikiwekwa upande wa swali, inatosha kuipakia Solr upya. Vikiwekwa upande wa faharasa, rekodi zote zichakatwe tena. Kwa DSpace, amri ni index-discovery -b, na heri iendeshwe usiku.

Kasoro ya pili ni uzembe tu. Rekodi mpya hunakiliwa kutoka ya zamani, na tasnifu ya Kiswahili inabaki na alama ya lugha "en", yaani Kiingereza. Msomaji akichuja kwa lugha, haioni. Kwingine chuo kimoja kinachanganya "sw" na "swa", kichujio kikaonyesha lugha mbili. Katalogi ya MARC, muundo wa kawaida wa rekodi za maktaba, inataka "swa", kwa hiyo hazina ya kidijitali ichague alama moja na kuishika, na pale rekodi zinapovunwa, yaani kukusanywa, kwenda mfumo wa pamoja, alama zioanishwe hapo hapo.

Tatu, tasnifu za zamani zimeskaniwa kama picha. Mfumo hauna maandishi ya kufaharasisha, hivyo kinachotafutika ni kichwa, ikisiri na maneno msingi, ambayo aghalabu yaliandikwa kwa Kiingereza. Tesseract, programu ya bure ya kutoa maandishi kwenye picha, ina data ya Kiswahili. Kurasa ziskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi. Na hata maandishi yakiwepo, DSpace ya karibuni, isipobadilishwa mpangilio, huchukua herufi 100,000 za mwanzo tu. Hizo ni kama kurasa hamsini, kwa hiyo sura ya matokeo haifikiwi kabisa. Kiwango hicho kinaongezwa kwenye faili la mipangilio, ilimradi seva ina kumbukumbu ya kutosha.

Kwa zana za utafutaji za kulipia hali ni nyingine, kwa kuwa faharasa iko kwa muuzaji na maktaba haiwezi kuifungua itakavyo. Huko jaribio lifanyike kabla ya kutia saini. Muuzaji apewe jozi kumi, zikiwemo mwalimu na walimu, jicho na macho, ufunguo na funguo, atafute mbele ya wakutubi kila neno kwa zamu yake. Jozi zisizoleta rekodi zile zile ziandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kurekebishwa.

Mkutubi wa mifumo,
Dar es Salaam